Lenzi za Msafiri

Mwanafunzi wangu mmoja, aliyekuwa katika matayarisho ya safari ya masomo kwenda Ureno, alinijia jioni moja na lenzi nne za kamera alizozifunga katika kanga. Alizipanga juu ya meza yangu kama muuza kahawa apangavyo vikombe, akaniuliza achukue zipi na aache zipi, maana mkoba wake wa mkononi katika ndege haukuruhusiwa kuzidi kilo 7. Mimi si fundi wa picha. Kazi yangu ni lugha na habari za kale. Lakini swali lake si geni katika historia, na jibu nililompa nataka kuliandika hapa, kwa sababu linawahusu hata watu wasiomiliki kamera.

Lenzi ya kwanza ilikuwa fupi, ya milimita 24. Ya pili ya 50. Ya tatu ya 85. Na ya nne ndefu, ifikayo 300. Lenzi fupi huona upana. Lenzi ndefu huona mbali, lakini kwa dirisha jembamba. Katika kamera ya filamu ya milimita 35, lenzi ya 24 hukamata pembe ya yapata digrii 84, ya 50 digrii 46, na ya 300 digrii 8 tu. Kila lenzi, basi, ni umbali. Achaguaye lenzi huwa amekwisha kuamua, kabla ya kuvuka kizingiti cha nyumba yake, atasimama wapi mbele ya watu atakaowakuta.

Msafiri wa zamani alikuwa na mashaka makubwa kuliko haya. Tangu 1851, Frederick Scott Archer alipotangaza njia yake ya kolodioni, kioo kilipakwa dawa, kikatiwa katika maji ya fedha, kikapigwa picha kingali kibichi na kusafishwa kabla hakijakauka. Yote hayo yalitaka kumalizika katika dakika chache. Kwa hiyo mpiga picha alichukua hema la giza, chupa za dawa, masanduku ya vioo na maji safi. Lenzi nazo zilikuwa za namna mbili hasa. Ile aliyoibuni Joseph Petzval wa Vienna mwaka 1840 ilipokea nuru nyingi, ikafaa kwa nyuso za watu, lakini kandokando ya picha ilitia ukungu. Lenzi ya mandhari iliona sawasawa zaidi kwa upana, lakini ilipokea nuru kidogo, na aliyepigwa picha alilazimika kutulia kama jiwe. Achukuaye moja alipungukiwa na manufaa ya nyingine. Achukuaye zote mbili aliongeza mzigo kichwani mwa mpagazi, ambaye tayari alibeba yapata frasila mbili.

Mwaka 1860, James Augustus Grant alifika Unguja pamoja na John Hanning Speke, na kamera ilikuwa miongoni mwa vyombo vyao. Grant alipiga picha Unguja, na baadhi yake zingaliko hata leo. Lakini safari ya bara ilipoanza, Speke aliirudisha kamera pwani. Aliona kuwa joto la lile hema dogo, ambamo mwenzake alitengeneza vioo vyake, lingeweza kumwua. Uamuzi huo ulikuwa wa huruma, wala simlaumu. Lakini tutazame matokeo yake. Wasafiri hao walifika kwa Rumanika wa Karagwe, na mwaka 1862 wakafika kwa Kabaka Mutesa wa Buganda, bila ya chombo cha kupigia picha. Grant alichora kwa mkono wake, na huko Ulaya michoro yake ikachorwa tena kwa ajili ya kitabu na wasanii ambao hawakupata kuiona Buganda. Haikupatikana picha ya Mutesa iliyopigwa kwa kamera mpaka Henry Morton Stanley alipompiga pamoja na wakuu wake mwaka 1875. Hivyo uamuzi mmoja juu ya mzigo uliacha pengo la miaka 13, na katika pengo hilo wasomaji wa Ulaya walimwona mfalme yule kwa kadiri ya mkono wa mchoraji.

Baadaye mizigo ilipungua na macho yakarefuka. Mwaka 1891 lenzi za kuvuta vitu vya mbali zilitokea karibu wakati mmoja Uingereza na Ujerumani. Carl Georg Schillings alizileta nchi iliyo sasa Tanzania, pamoja na unga wa magnesi wa kumulika usiku, na kitabu chake cha 1905 kikawashangaza Wazungu kwa picha za simba na pundamilia. Kazi ile ilikuwa kubwa, nami siidharau. Lakini lenzi ndefu humfaa simba, ambaye hana haja ya kuamkiwa. Shida huanza pale inapoelekezwa kwa mwanadamu asiyejua kuwa anatazamwa. Wengi waliokuja nchi zetu baadaye walitutazama kwa jicho lile lile walilowatazamia wanyama, wakarudi kwao na nyuso zetu bila ya majina yetu.

Yuko pia aliyefundishwa na dhiki. Frank Hurley alikwenda ncha ya kusini ya dunia na Ernest Shackleton mwaka 1914, akiwa na kamera nyingi na vioo vingi. Mwaka 1915 barafu iliibana meli yao, Endurance, hata ikavunjika. Hurley alijitosa katika maji ya barafu ndani ya meli iliyokuwa ikizama kuviokoa vioo vyake. Kisha, kwa kuwa mashua hazikuweza kuchukua vyote, alikaa na Shackleton juu ya barafu wakachagua. Vioo vipatavyo 120 walivihifadhi. Vipatavyo 400 walivivunja papo hapo, ili moyo usije ukageuka. Kwa miezi iliyobaki alikuwa na kamera moja ndogo ya mfukoni, Kodak, na filamu tatu tu. Picha alizopiga kwa kamera ile hazikuwa na ufundi wa zile za kwanza, lakini bila ya hizo tusingeona jinsi wenzake walivyoishi katika Kisiwa cha Elephant.

Mwingine alichagua uchache kwa hiari. Henri Cartier-Bresson alitembea nchi nyingi na kamera ya Leica, na mara nyingi lenzi yake ilikuwa moja, ya milimita 50. Alikuwapo India Gandhi alipouawa, Januari 1948, na alikuwapo China serikali ya kale ilipoanguka. Lenzi ile haivuti wala haitawanyi. Atakaye uso wa mtu lazima amkaribie mtu.

Nilipokwisha kumweleza mwanafunzi wangu habari hizi nilimwambia hivi: “Mwanangu, usiulize kwanza lenzi ipi ni bora, maana zote ni bora mahali pake. Jiulize unakwenda kuwatazama watu au kuonana nao. Ukichukua ndefu, utarudi na vitu vingi ulivyoviona. Ukichukua fupi, utarudi na watu uliowaamkia.” Alifikiri, akaifunga lenzi ya 300 na ile ya 85 katika kanga, akaniomba nimhifadhie kabatini mwangu. Ya 24 na ya 50 alikwenda nazo.

Baada ya miezi miwili aliniletea barua. Alikiri kuwa siku moja ufukoni aliona kundi la ndege likipita mbali juu ya bahari, na katika picha yake walitoka kama nukta za wino. Siku hiyo alinilaumu. Katika bahasha ile ile ilikuwamo picha ya mwanamke muuza samaki, amesimama mbele ya meza yake, anamcheka mpiga picha. Nyuma yake mwanafunzi wangu alikuwa ameandika jina la mama huyo, na jina la kila samaki kama alivyofundishwa naye.