Dhima ya Mtoto Mwenye Njaa: Kutoka Starehe hadi Pipeline

Tangu mwaka 2023, serikali ya Kaunti ya Nairobi ilipoanza kuwapikia wanafunzi wa shule za umma chakula cha mchana kwa mpango uitwao Dishi na County, ambamo mzazi hutoa shilingi 5 kwa sahani na mtoto hupokea wali na ndengu baada ya kuigusisha bangili yake na mashine ndogo ya mgawaji, pamezuka mabishano yaliyofika hata mahakamani: je, ni halali kaunti kutumia fedha zake kuwalisha watoto wa shule za msingi, ilhali Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeziweka shule hizo chini ya serikali kuu? Wanasheria wamenena mengi, na kila upande una hoja zake. Lakini mwenye kuyasikiliza mabishano hayo akiwa Pipeline, huko Embakasi, ambako ghorofa za orofa saba na nane zimesongamana hata jua la adhuhuri haliwafikii wakaao chini, hatakosa kuona kwamba wabishanao wameisahau historia ya mji huu, ambamo mtoto mwenye njaa amesukumwa kutoka mlango hata mlango kwa takriban miaka 70, na kila aliyemsukuma alikuwa na sheria mkononi.

Sehemu kubwa ya historia hiyo nimesimuliwa na mzee mmoja aliyefanya kazi ya ustawi wa jamii jijini tangu miaka ya sabini, na kwa rai yake chanzo cha yote ni namna Nairobi ilivyojengwa. Wakoloni waliihitaji kazi ya Mwafrika, wala hawakuihitaji aila yake. Nyumba walizojenga upande wa mashariki, kama za Shauri Moyo na Ziwani, aghalabu zilikuwa za wanaume wahesabiwao kuwa hawana wake. Kaloleni, iliyokusudiwa familia, ilikuja baadaye, nayo haikutosha. Mtoto hakuwamo katika hesabu ya mji. Akionekana, alionekana Pumwani, ambako watu walijijengea nyumba zao wenyewe na wenye kufuata desturi za Kiislamu waliiona haki ya yatima kuwa faradhi juu ya mtaa mzima.

Kisha ikaja tarehe 24 Aprili 1954. Alfajiri ya siku hiyo majeshi ya Mwingereza yaliyokuwa yakipigana na Mau Mau yaliuzingira mji katika Operesheni Anvil, na katika wiki zilizofuata wanaume zaidi ya 20,000, wengi wao Wakikuyu, Waembu na Wameru, wakatiwa kizuizini, wakapelekwa kambi za Manyani, Mackinnon Road na kwingineko. Na palikuwa na wafungwa waliolazimishwa kuchimba uwanja wa ndege wa Embakasi, uliofunguliwa mwaka 1958, ambao si mbali na hapo zinaposimama leo ghorofa za Pipeline. Wanawake na watoto wengi walirudishwa rizavu, yaani maeneo ya mashambani waliyotengewa Waafrika, ambako walikuta vijiji vya dharura vilivyozungukwa na mahandaki, na mashamba yasiyoendeka. Basi wavulana wakawa wanarejea Nairobi kwa miguu au kwa kudandia malori, wakilala masokoni na vibarazani. Polisi wakiwakamata huwarudisha rizavu, nao wasiopata wa kuwalisha huko hurudi tena mjini. Serikali iliita jambo hilo uzururaji, nalo lilikuwa njaa.

Hapa mzee wangu hupenda kutua, nami natua pamoja naye, maana kisa cha Starehe kinastahili kusimuliwa kwa wasaa. Geoffrey Griffin alikuwa afisa kijana wa jeshi la kikoloni la KAR aliyeliacha jeshi kwa kuchukizwa na mambo aliyoyaona katika vita vile, akaenda kufanya kazi na wavulana waliokuwa wamefungwa Manyani, na baadaye Wamumu, ambako badala ya viboko walipewa masomo na ufundi. Alipohamia Nairobi kushughulikia vijana wa koloni nzima, aliwaona wale wengine, wasiofungwa wala wasiokuwa huru, wakizunguka Kariokor na Pumwani bila ya mwenye kuwauliza wamekula nini. Yeye na Wakenya wawili, Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu, hawakungoja bajeti. Wakaomba, makampuni ya Shell na BP yakawapa vibanda viwili vya mabati, na mnamo Novemba 1959, katika kiwanja kisichokuwa na kitu, kikafunguliwa kituo cha Starehe cha kuwaokoa wavulana. Tafakari ajabu ya jambo hilo: serikali ileile ambayo askari wake walikuwa wakiwafukuza wavulana mjini ndiyo iliyokuwa ikimlipa Griffin mshahara, naye, kazi ya serikali ikisha, akienda kuwapokea wavulana wale wale, kuwapa chakula, malazi na darasa. Hakuna hati iliyomtwika dhima hiyo. Aliichukua kwa kuwa mtoto alikuwa mbele yake, na akabaki nayo hadi alipofariki mwaka 2005.

Starehe ikakua ikawa miongoni mwa shule mashuhuri katika nchi, nasi tuna haki ya kuionea fahari. Walakini uhuru ulipokuja, barabara haikuwa tupu. Palizuka wavulana waliowaelekeza wenye magari pa kuegesha ili wapate senti kidogo, watu wakawaita parking boys, na wengine, kwa kukosa adabu, wakawaita chokora. Sheria ya Watoto na Vijana, Sura ya 141, ilimhesabu mtoto ombaomba na mtoto mtundu katika fungu moja la wahitaji wa hifadhi au nidhamu, kwa hiyo aliyekamatwa kwa kukosa chakula aliweza kufikishwa mbele ya hakimu na kupelekwa shule ya kurekebisha tabia. Mzee wangu anasema kwa uchungu kwamba wapo waliorekebishwa tabia ambayo hawakuwa nayo. Sheria hiyo ilidumu hadi ilipofutwa kwa Sheria ya Watoto ya mwaka 2001.

Mwaka 1973 Padre Arnold Grol, Mholanzi wa shirika la Wamisionari wa Afrika, aliasisi Undugu Society of Kenya kwa ajili ya wavulana hao. Fadhila ya Undugu, kwa maoni ya mzee huyu, haikuwa chakula walichogawa, bali yale waliyojifunza: kwamba nyuma ya kila mvulana wa barabarani yupo mama, na mama huyo yu katika kijiji cha mabanda, na ukimlisha mwana bila ya kumshika mkono mama, umemwandalia ndugu yake mdogo nafasi ileile barabarani. Ndipo katika miaka ya themanini wakaenda Kitui, Kanuku na Kinyago, karibu na Pumwani, wakasaidiana na wakazi katika nyumba na kazi.

Serikali yenyewe nayo iliwahi kuibeba dhima hiyo: maziwa ya Nyayo yanakumbukwa na kila aliyesoma zama hizo. Mwaka 1979, Rais Moi alipoondoa karo na kuamuru maziwa yagawiwe bure, wanafunzi wa shule za msingi waliongezeka kutoka takriban milioni 3 hadi karibu milioni 3.7 katika mwaka mmoja, na pakiti ile ya pembetatu ikawa sababu ya watoto wengi kutokosa shule. Katika miaka ya tisini maziwa yakakatika.

Upande wa Embakasi, bomba la mafuta kutoka Mombasa lilianza kazi mwaka 1978, na mtaa wa Pipeline ukachukua jina kwa bomba hilo. Kwa majirani, vijiji vya mabanda vya Mukuru kwa Njenga na Mukuru kwa Reuben, serikali ilikuwa kama haipo. Masista wa Mercy, wakiongozwa na Sista Mary Killeen, walifika Mukuru mwaka 1985, wakaanzisha shule ambamo sufuria ya mchana ilikuwa na uzito sawa na ubao. Pipeline yenyewe iliota baadaye, ploti baada ya ploti, kila landilodi akishindana na mwenziwe kuongeza orofa, bila ya kiwanja cha kuchezea wala shule ya umma ya kutosha; hivyo watoto wengi husoma katika shule ndogo za kibinafsi za mtaani, ambazo Dishi na County, mpango wa shule za umma, hauzifikii. Elimu bila malipo ilirudi mwaka 2003. Korona ilizifunga shule Machi 2020, na sahani ikafungwa pamoja nazo. Mwishoni mwa 2021 matingatinga yakabomoa Mukuru kwa Njenga ili kupitisha barabara, na maelfu ya aila wakalala juu ya vifusi vya nyumba zao.

Nani basi huwalisha watoto wa Pipeline leo? Nilipanda orofa ya tatu ya ploti moja kumwona mama mwenye deikea. Chumba ni cha futi 10 kwa 10. Mikeka imetandikwa hadi mlangoni, nepi zimeanikwa kwenye kamba ya dirishani, na kando ya jiko la gesi umepangwa mstari wa vikontena vyenye majina yaliyoandikwa kwa kalamu ya wino mzito. Vikontena vinne vilikuwa vitupu. Mama za watoto wenye vikontena hivyo huondoka alfajiri kwenda kusimama kwenye malango ya viwanda vya Industrial Area wakingoja kuitwa kibarua, na asiyeitwa harudi na pesa ya deikea wala ya unga. Mlezi alichukua kijiko akapunguza uji katika kila kikontena kilichojaa, akaujaza katika vile vinne, na hakuna mtoto aliyelia. Aliniambia kwamba madeni huyaandika daftarini, lakini hajapata kumrudisha mtoto kwa sababu ya deni, madhali anajua chumba atakachorudia kimefungwa kufuli.

Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa kila mtoto haki ya lishe ya kimsingi na kinga dhidi ya kutelekezwa. Na Jedwali lile lile la Nne, ambalo watu wamelibishania kwa ajili ya shule za msingi, linazitaja wazi nyumba za kulelea watoto kuwa kazi ya kaunti. Hapo hapana mushkili wala haja ya jaji. Nairobi ilikwisha kujitungia sheria ya nyumba hizo mwaka 2017. Ni aibu kwamba tumepata nguvu ya kushtakiana juu ya sahani ya mwanafunzi wa miaka kumi, na hatujapata ulimi wa kuuliza juu ya kikontena cha mtoto wa miaka miwili, ambaye njaa humdhuru zaidi na ambaye hana mwalimu wa kumsemea. Majiko makubwa ya kaunti yanawapikia watoto zaidi ya laki mbili kila siku ya shule, na magari yake hupita Outering Road asubuhi. Kuongeza sufuria za uji kwa ajili ya deikea za Pipeline, Kware na Tassia hakuhitaji katiba mpya, wala hakuhitaji utafiti wa kuzitafuta, maana wazee wa Nyumba Kumi na makeateka wa ploti wanazijua mlango kwa mlango.