Miaka ya risasi ya Italia na fundi aliyetia sahihi peke yake

Ijumaa ya tarehe 12 Desemba 1969, Benki ya Taifa ya Kilimo iliyopo Piazza Fontana, Milano, ilichelewa kufunga milango kama ilivyozoea kila Ijumaa, kwa kuwa ndiyo siku wakulima na madalali wa nafaka na mifugo walipomalizia hesabu zao za wiki. Saa 10 na dakika 37 jioni, bomu lililofichwa kwenye mkoba chini ya meza ya wateja lililipuka. Watu 17 walikufa na 88 wakajeruhiwa. Nchi haikuwa vitani na mtu. Ilikuwa na Katiba iliyoanza kutumika mwaka 1948, Bunge, magazeti yasiyomwogopa waziri, na wananchi waliojitokeza kwa wingi kila uchaguzi.

Polisi hawakusubiri. Jioni ileile wakawakusanya waanakisti, wale wasiotaka serikali ya aina yoyote, mmoja wao akiwa Giuseppe Pinelli, mfanyakazi wa reli mwenye mke na binti wawili. Sheria iliruhusu akae mikononi mwa polisi saa 48. Zilipita, wakaendelea kumhoji. Usiku wa Desemba 15 akaanguka kutoka dirisha la ghorofa ya nne la makao ya polisi, akafa. Mwaka 1975 jaji alihitimisha kwamba hakuuawa wala hakujiua, bali alipatwa na kizunguzungu; wengi hawakuamini, na ni vigumu kuwalaumu. Mwenzake, Pietro Valpreda, alikaa mahabusu miaka mitatu kwa bomu ambalo hakuna mahakama iliyowahi kumtia hatiani nalo.

Mkono uliotega bomu ulikuwa upande wa pili kabisa. Ulikuwa wa mafashisti mamboleo wa kundi la Ordine Nuovo, na hesabu yao ilikuwa ya kikatili: raia wakiogopa vya kutosha, wataililia serikali ya mabavu wenyewe. La kutisha zaidi, maofisa wawili wa idara ya ujasusi wa jeshi walikuja kuhukumiwa kwa kuwasaidia washukiwa kukwepa sheria. Mwaka 2005 Mahakama ya Juu ilikiri kwamba Franco Freda na Giovanni Ventura walihusika, lakini walikwisha kuachiwa huru kwa hukumu ya mwisho, na kisheria hawangeweza kushtakiwa tena.

Hapo ndipo, nionavyo, Italia ilipojifungulia mlango wa balaa la pili. Kijana wa kiwandani aliyeona dola ikiwasingizia wasio na hatia na kuwaficha wauaji hakuhitaji mahubiri marefu ili aamini kwamba sheria ni mchezo wa wakubwa. Mwaka 1970 likazaliwa kundi la Brigate Rosse, yaani Brigedi Nyekundu, lililojitangaza kuwa jeshi la wafanyakazi. Wakaanza kwa kuchoma magari ya mameneja, wakaendelea kwa kuwateka, kisha kuwapiga watu risasi za miguu: mahakimu, waandishi wa habari, wakuu wa viwanda. Mwisho wakaua.

Kilele kinachokumbukwa na dunia ni Aldo Moro. Asubuhi ya Machi 16, 1978, kiongozi huyo wa chama cha Christian Democrats, aliyewahi kuwa waziri mkuu, alikuwa njiani kuelekea bungeni, ambako serikali mpya ingeungwa mkono na Wakomunisti kwa mara ya kwanza tangu 1947. Katika barabara ya Fani, Roma, walinzi wake watano waliuawa na yeye akachukuliwa. Siku 55 aliandika barua akiwasihi wenzake wajadiliane na watekaji. Serikali ilikataa. Mei 9 maiti yake ilikutwa nyuma ya gari jekundu aina ya Renault 4, katikati ya jiji. Familia ikakataa mazishi ya kitaifa.

Lakini aliyewavunja nguvu Brigedi Nyekundu, kwa maoni yangu, hakuwa Moro. Alikuwa Guido Rossa, fundi mitambo katika kiwanda cha chuma cha Italsider jijini Genova, mpanda milima hodari, mwakilishi wa chama cha wafanyakazi na mwanachama wa Chama cha Kikomunisti. Oktoba 1978 aligundua kwamba mfanyakazi mwenzake alikuwa akiacha vipeperushi vya Brigedi karibu na mashine ya kahawa. Tusisahau hali ilivyokuwa: viwandani wengi walijua, wachache walisema, na wapo walioona kwamba vijana wale ni watu wetu waliopotea njia kidogo. Rossa akatoa taarifa. Ilipofika wakati wa kutia sahihi, wenzake walirudi nyuma mmoja mmoja. Akasaini peke yake, na mahakamani akasimama peke yake.

Alfajiri ya Januari 24, 1979, kabla hakujapambazuka, watu wa Brigedi walimngojea karibu na nyumba yake. Alikuwa amekwisha ingia katika Fiat 850 yake kwenda kazini. Wa kwanza alimlenga miguu. Wa pili, Riccardo Dura, akarudi na kumpiga risasi ya moyo.

Jeshi la wafanyakazi lilikuwa limemuua mfanyakazi. Umati mkubwa ulifurika Genova kwenye mazishi, Rais Sandro Pertini akiwemo, na tangu siku hiyo ukimya wa viwandani haukuwa na kisingizio. Mwaka uliofuata Patrizio Peci, kiongozi wa Brigedi wa Torino, alikamatwa na kuanza kutaja majina. Sheria ya kuwapunguzia adhabu wanaoshirikiana na mahakama ikawavuta wengine. Hapakuwa na mapinduzi wala uchaguzi ulioahirishwa.

Upande wa kulia haukuguswa kwa wepesi huo. Agosti 2, 1980, Jumamosi ya msimu wa likizo, saa 4 na dakika 25 asubuhi, bomu lilibomoa chumba cha kungojea abiria cha daraja la pili katika stesheni ya Bologna. Walikufa watu 85. Tena ushahidi ukapotoshwa, na safari hii aliyepatikana na hatia ya kuupotosha ni Licio Gelli, bwana mkubwa wa nyumba ya siri ya Wamasoni iliyoitwa P2, pamoja na maofisa wa ujasusi. Mahakama ya Bologna ilipomhukumu Paolo Bellini kifungo cha maisha mwaka 2022 kwa kushiriki shambulio hilo, iliona pia kwamba Gelli alikuwa miongoni mwa waliouagiza na kuugharamia mlipuko huo, ila alikwisha kufa mwaka 2015. Kifungo cha Bellini kilithibitishwa na Mahakama ya Juu Julai 2025, karibu miaka 45 baada ya bomu.