Mashine iliyookoa, ikajeruhi

Haya wandugu, leo tuache siasa kidogo. Wiki nzima nimekuwa nikisoma historia ya watoto njiti, na kuna kisa kimoja nadhani hakisimuliwi vya kutosha.

Tuanzie Marekani, Agosti 1963. Rais John F. Kennedy alipata mtoto wa kiume, Patrick, aliyezaliwa wiki tano na nusu kabla ya wakati akiwa na takriban kilo 2.1. Alikimbizwa Boston, akawekwa kwenye chumba cha oksijeni yenye mgandamizo mkubwa, akafa akiwa na umri wa saa 39. Fikiria, mtoto wa rais wa Marekani! Leo, penye vifaa, njiti wa kilo mbili hata hawatishi sana wauguzi.

Sababu ilikuwa imeshajulikana. Mwaka 1959 Mary Ellen Avery na Jere Mead walionyesha kuwa mapafu ya watoto kama hawa yanakosa safaktanti, utando unaofanya kazi kama sabuni na kuzuia vifuko vya hewa visigandane mtoto anapotoa pumzi. Bila utando huo, kila pumzi ni sawa na kupuliza puto jipya. Mtoto anachoka. Ila dawa haikuwepo.

Basi madaktari wakageukia mashine za kupumulia. Njiti ambao wangekufa siku ya pili au ya tatu wakaanza kuvuka wiki. Furaha, siyo?

Pale Stanford alikuwepo William Northway, mtaalamu wa kusoma picha za eksirei. Mwaka 1967 yeye na wenzake walichapisha habari za watoto 32. Waliokaa kwenye mashine kwa zaidi ya saa 150, wakivuta oksijeni ya asilimia 80 hadi 100 (hewa hii yetu ina 21 tu), mapafu yao yalikuwa na makovu, huku yamejaa hewa kupita kiasi, kule yamesinyaa. Huu haukuwa ugonjwa waliozaliwa nao. Uliletwa na tiba! Wakauita bronkopalmonari displasia. Mimi namheshimu Northway kwa hilo, maana kusema kuwa mashine mnayoisifia inaumiza hakukupi marafiki.

Baada ya hapo kila mtu akatafuta njia ya upole. Mwaka 1971 George Gregory, San Francisco, aliacha kusukuma kila pumzi kwa nguvu, akatumia shinikizo dogo lisilokatika. Watoto 16 kati ya 20 walipona. Mwaka 1972 Liggins na Howie wa New Zealand wakaonyesha kuwa sindano kwa mama kabla ya kujifungua inakomaza mapafu ya mtoto. Mwaka 1980 Tetsuro Fujiwara wa Japani akawapa watoto 10 safaktanti iliyotokana na mapafu ya ng'ombe. Ng'ombe, jamani!

Ugonjwa haujaisha. Siku hizi unawapata zaidi wanaozaliwa kabla ya wiki ya 28, ambao mapafu yao hayajamaliza kujengwa.

Na wale wa mwanzo? Mwaka 1990 Northway na wenzake walichapisha vipimo vya 26 kati ya waliougua utotoni, waliozaliwa kati ya 1964 na 1973. Wengi bado njia zao za hewa zilikuwa zimebana. Walikuwa vijana tu, umri wa wengi wenu mnaosoma hapa.