Vali au transista? Ubishi usiokwisha katika vibanda vya mafundi wa redio

NI vigumu kupita karibu na kibanda cha fundi wa redio mtaani Kibera au Kawangware, jijini Nairobi, bila kusikia amplifaya ikijaribiwa. Spika hutolewa nje, muziki huwekwa, na wanaosimama kusikiliza hugawanyika mara moja. Kuna wanaosifu ukubwa wa sauti, na kuna wanaolalamika kwamba sauti hiyo ni kali na inachosha masikio.

Ubishi huo ni tawi la mjadala mkongwe ambao umewagawanya wapenzi wa redio kote ulimwenguni kwa zaidi ya nusu karne. Je, amplifaya ya vali, yaani zile chupa ndogo za kioo zinazowaka ndani ya redio za kale, hutoa sauti bora kuliko ya transista?

Kwa mkazi wa mitaa hiyo miwili, swali hili si la kupitishia wakati. Kanisa dogo linalofanya harambee ili kununua mitambo ya sauti, kijana anayetaka kuanza kazi ya kucheza muziki arusini, na fundi ambaye jina lake ndilo mtaji wake, wote hupata hasara iwapo jibu litatolewa kwa ushabiki badala ya maarifa.

Chimbuko la ubishi

Vali ya kwanza iliundwa na Mwingereza John Ambrose Fleming mwaka wa 1904. Miaka miwili baadaye, Mmarekani Lee de Forest aliongeza kiungo cha tatu, na hapo ndipo ukuzaji wa sauti kwa umeme ulipopata msingi wake.

Ndani ya chupa isiyo na hewa, kathodi hupashwa moto hadi itoe elektroni, nazo huvutwa na anodi yenye volti nyingi. Kati ya hizo mbili kuna gridi, mfano wa wavu mwembamba. Badiliko dogo la volti kwenye gridi hubadilisha kwa kiasi kikubwa mkondo unaopita, na hivyo mawimbi hafifu huweza kutikisa spika.

Utangazaji wa redio ulianza Nairobi mwaka wa 1928, na matangazo ya Kiswahili yakashika kasi wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Redio nyingi za enzi hiyo zilitumia vali. Hata redio ya bei nafuu iliyotengenezwa mwaka wa 1949 kwa ajili ya Waafrika wa Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, ilikuwa na vali 4 na betri kavu kubwa. Iliuzwa kwa pauni 5 na ikaitwa sufuria kwa sababu ya umbo lake.

Transista ilivumbuliwa katika maabara ya Bell nchini Marekani mwezi Desemba 1947. Hufanya kazi ile ile ya vali ndani ya kipande kidogo kigumu, bila kupashwa moto. Redio ya kwanza ya transista iliyouzwa madukani, Regency TR-1, ilitoka mwaka wa 1954. Kwa kuwa redio za aina hiyo zilitosheka na betri ndogo, zilifika katika nyumba ambazo nguzo ya umeme haikuwa imefika.

Hata hivyo, kipya kinyemi ingawa kidonda. Amplifaya nyingi za mwanzo za transista zilikuwa na kasoro iliyosikika wazi. Transista moja ilishughulikia nusu ya juu ya wimbi na nyingine nusu ya chini. Pale zilipopokezana palibaki pengo dogo, lililosikika kama mkwaruzo hasa sauti ilipokuwa ya chini. Sifa mbaya ya transista ilianzia hapo.

Dawa ya kasoro hiyo inajulikana: kuruhusu mkondo mdogo upite katika transista hata pasipo na muziki. Fundi asiyeupima mkondo huo kwa mita, au anayeuzima kabisa ili transista zisipate joto, huirejesha kasoro ile ya zamani katika amplifaya mpya. Anayelaumu transista katika hali hiyo anaukosea mtambo. Lawama ni ya marekebisho.

Sauti inapozidi uwezo

Tofauti kubwa kati ya vali na transista hujitokeza amplifaya inaposukumwa kupita uwezo wake. Ya transista hulikata wimbi ghafla, mfano wa kisu. Ya vali, hasa ya muundo rahisi, hulibana wimbi polepole kabla ya kulikata.

Kila wimbi linapoharibika, huzaa sauti nyingine zisizokuwamo katika muziki wa awali. Noti ya masafa ya hezi 220 inaweza kuzaa ya hezi 440, ya 660 na kuendelea. Ile ya 440 ni noti ile ile katika ngazi ya juu, hivyo sikio huipokea kama utamu au joto. Zile za mbali zaidi haziafikiani na noti ya kwanza, na sikio huzipokea kama ukali.

Redio nyingi za kale zenye vali moja ya kusukuma spika huzaa zaidi ile sauti ya kwanza. Mhandisi Russell Hamm aliandika kuhusu jambo hili mwaka wa 1973 katika jarida la chama cha wahandisi wa sauti cha Marekani, akieleza kwamba tofauti husikika zaidi mitambo inapozidiwa. Anayesema redio ya babu yake ilikuwa na sauti ya joto hadanganyi. Lakini joto hilo ni kitu kilichoongezwa na redio. Halikutoka kwa mwimbaji.

Upande wa pili nao una hoja nzito. Mwaka wa 1985, mhandisi Bob Carver wa Marekani alikubali changamoto ya jarida la Stereophile. Alitakiwa kuirekebisha amplifaya yake ya transista hadi isitofautike kwa sauti na amplifaya ya bei ghali waliyoichagua wahariri. Baada ya kazi ya siku chache, wahariri walikiri kwamba hawakuweza kuzitofautisha. Iliyoigwa, kama ilivyojulikana baadaye, ilikuwa ya vali.

Wati za karatasi

Siku hizi redio ya vali huonekana kwa nadra katika vibanda vya Kibera na Kawangware. Kazi nyingi hufanywa kwa transista na kwa saketi ndogo zinazobeba transista nyingi ndani ya kifuniko kimoja. Ubishi umehama kutoka aina ya kifaa hadi idadi ya wati, na hapa ndipo mnunuzi hupoteza pesa zake.

Wahenga walinena kwamba debe tupu haliachi kuvuma. Kuna mitambo inayoandikwa wati 5,000 au 10,000 kwenye boksi. Plagi ya ampea 13 inayotumika nchini Kenya, kwa umeme wa volti 240, haiwezi kupitisha zaidi ya wati 3,120 kwa mfululizo. Mtambo unaochomekwa kwa plagi moja hauwezi kutoa kwa mfululizo nguvu nyingi kuliko unazopokea. Mnunuzi na ageuze mtambo, asome maandishi ya nyuma. Palipoandikwa kuwa hutumia wati 60 za umeme, basi hata wati 60 kamili hazitafika kwenye spika.

Isitoshe, sikio halihesabu wati kama mfuko unavyohesabu shilingi. Kuongeza wati maradufu huongeza desibeli 3 tu, badiliko ambalo husikika lakini si kubwa. Ili sauti isikike kama imekuwa kubwa maradufu, kwa kawaida huhitajika wati mara 10.

Spika ndiyo yenye siri. Spika inayotoa desibeli 93 kwa wati 1, ikipimwa kutoka umbali wa mita 1, huipita ile ya desibeli 87 kwa desibeli 6. Ili spika ya pili iifikie ya kwanza, itahitaji amplifaya yenye nguvu mara 4. Kanisa lenye pesa chache hufaidika zaidi kwa kununua spika bora na amplifaya ya kadiri.

Chumba nacho huamua mengi. Kuta na paa za mabati hurudisha sauti kwa wingi, na maneno ya mhubiri hugongana na mwangwi wake. Kuongeza nguvu hapo huongeza na mwangwi. Spika zikielekezwa kwa watu badala ya ukuta, na mapazia mazito yakitundikwa upande wa nyuma, maneno husikika vizuri zaidi bila gharama ya wati mpya.

Hatari isiyoonekana

Anayeipenda vali anapaswa kuijua pia kwa hatari zake. Ndani ya redio ya kale kuna umeme wa volti 250 au zaidi kwenye anodi. Kapasita huweza kuushika umeme huo hata baada ya plagi kung'olewa, kwa hivyo fundi huziondolea umeme kupitia kizuizi cha umeme, kisha huhakikisha kwa mita kabla ya kugusa.

Hatari zaidi ni zile redio za zamani zilizotengenezwa bila transfoma ya umeme. Katika baadhi yake, chasisi ya chuma imeunganishwa moja kwa moja na waya wa umeme wa nyumba. Plagi ikigeuzwa au waya zikibadilishwa, chasisi nzima huwa na volti 240. Kijana anayejifunza kazi hiyo hapaswi kuachiwa redio ya namna hii peke yake.

Kuna jambo jingine ambalo anayehama kutoka transista hadi vali hulisahau. Amplifaya ya transista huogopa waya za spika kugusana, kwani transista huweza kuungua papo hapo. Ile ya vali huogopa kupigishwa muziki bila spika, kwa kuwa volti hupanda na kuweza kuharibu transfoma ya kutolea sauti, ambayo ni ghali na adimu.

Aidha, masikio hayana kipuri. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu asisikilize sauti ya desibeli 80 kwa zaidi ya saa 40 kwa wiki, na kadiri sauti inavyopanda ndivyo muda unavyopaswa kupungua. Nchini Kenya, kanuni za kudhibiti kelele zilizotolewa mwaka wa 2009 chini ya sheria ya mazingira zinampa jirani haki ya kulalamika.

Namna ya kuamua

Ubishi unaweza kumalizwa bila kutupiana maneno. Amplifaya mbili huunganishwa kwa zamu na spika ile ile. Kwanza hupigwa mlio mmoja mzito usiobadilika, na mita ya volti ikawekwa kwenye nyaya za spika hadi zote mbili zitoe volti sawa. Hatua hii ni ya lazima, kwa sababu sikio huipendelea ile yenye sauti kubwa kidogo na kuiita bora.

Kisha msikilizaji huketi asikoiona mitambo. Mtu mwingine hurusha sarafu kuamua ipi iwashwe, na majibu huandikwa mara 16. Anayebahatisha hupatia takriban mara 8. Akipatia mara 12 au zaidi, ni vigumu kusema ni bahati tu. Akishindwa, basi bei, mwonekano na urahisi wa kupata vipuri ndivyo viamue.

Jaribio hilo halitaumaliza upenzi wa vali. Mwangaza wake hafifu wa rangi ya chungwa na kumbukumbu za sebule ya wazee ni sababu halali za kuitunza redio ya kale. Lakini pale pesa za harambee zinapohesabiwa mezani, mnunuzi ana haki ya kusikia mtambo ukipigwa kwa spika zake, katika jengo lake, kabla ya kulipa. Fundi anayekubali jaribio hilo ndiye wa kuaminiwa, awe anauza vali au transista.