Hela za njia za matembezi Marekani: zinatoka wapi, na kwa nini mji mdogo hushindwa kuzichukua



Ndugu zetu wanaohamia huku Iowa, hasa Wakongo wanaofanya kazi kwenye viwanda vya nyama, wamekuwa wakiniuliza swali hilohilo kila mara. Hivi hizi njia nzuri za kutembea na kuendesha baiskeli, zile zinazopita shambani na kando ya mito, nani anazijenga? Na mbona mji wa jirani wanayo, sisi watoto wetu wanaendesha baiskeli pembeni mwa barabara ya malori?

Leo nimeamua kuliweka jambo hili mahali pamoja ili nisiwe narudia kila siku. Mimi si mtaalamu wa bajeti. Nilikuwa mweka hazina wa kikundi cha kujitolea kwenye mji mdogo ninaoishi, na tulihangaikia kipande cha njia kwa miaka mitatu. Mengi nimeyajua kwa kuumia.

HELA INAANZIA SHELI

Ukijaza petroli sheli yoyote ya Marekani, serikali kuu inakata senti 18.4 kwa kila galoni, yaani kama lita 3.8. Kiwango hicho hakijaguswa tangu 1993. Karibu yote inaingia kwenye mfuko wa barabara kuu.

Sasa wapo watu wanaonunua mafuta lakini hawayachomi barabarani. Kuna wenye pikipiki za porini, wenye vigari vya magurudumu manne vya kupandia vilima, na wenye zile pikipiki za kuteleza juu ya theluji. Hoja yao ilikuwa nyepesi: kama kodi ya mafuta ni ya kutengeneza barabara, na sisi hatuzikanyagi, basi rudisheni yetu tutengeneze njia tunazozikanyaga. Seneta Steve Symms wa Idaho aliibeba hoja hiyo, na mwaka 1991 ikaingia ndani ya sheria kubwa ya usafiri. Mwaka 1998 sheria nyingine ikaufanya kuwa mpango kamili wenye fedha za uhakika, ambao wengi wanauita kwa kifupi RTP. Unasimamiwa na idara ya barabara kuu ya serikali ya Washington, lakini maombi unapeleka kwenye jimbo lako.

Kwa hiyo anayetembea kwa miguu anafaidi kodi ya mwenye pikipiki. Kumbuka hilo siku ukikutana naye njiani akakurushia vumbi.

INAVYOGAWANYWA

Kanuni ya mgawo ilikuwa hivi: nusu ya fedha inagawiwa majimbo sawa kwa sawa, nusu nyingine kwa kuangalia mafuta mangapi yanatumika kwa burudani nje ya barabara katika kila jimbo. Halafu mwaka 2012 Bunge likagandisha mambo. Sheria ya mwaka huo ilisema kila jimbo litapata kiasi kilekile lilichopata mwaka 2009. Sheria ya 2015 ikafuata hivyohivyo, na ile ya miundombinu ya 2021, iliyopanga fedha za miaka ya bajeti 2022 hadi 2026, nayo haikupandisha. Kwa nchi nzima ni kama dola milioni 84 kwa mwaka. Piga hesabu mwenyewe bei ya kokoto na saruji imepanda kiasi gani tangu 2009, uone mgawo uleule unajenga kipande kifupi kiasi gani.

Tangu hiyo sheria ya 2012 pia, gavana anaweza kukataa fungu hili, na fedha zikabaki jimboni kwa miradi mingine ya watembea kwa miguu na baiskeli. Kwa hiyo cha kwanza kabla hujaandika barua yoyote: uliza kama jimbo lako limelichukua mwaka huo.

Hela ikifika jimboni inakatwa mafungu matatu. Asilimia 30 ni ya njia za vyombo vya moto. Asilimia 30 ni ya njia zisizo na vyombo vya moto, kwa maana ya miguu, baiskeli, farasi na kadhalika. Asilimia 40 iliyobaki ni ya njia zinazotumiwa na watu wa aina mbalimbali kwa pamoja. Jimbo linaruhusiwa kutumia hadi asilimia 7 kwa uendeshaji, na hadi asilimia 5 kwa mafunzo ya usalama na utunzaji wa mazingira. Lazima pia jimbo liwe na kamati ya ushauri yenye watu wa pande zote mbili, wa mashine na wa miguu, na ikutane walau mara moja kwa mwaka. Wajue hao watu, manake ndio wanaoshauri miradi ichaguliwe vipi.

UNAWEZA KUFANYIA NINI

Kujenga njia mpya, kukarabati ya zamani, madaraja madogo, maegesho na vyoo pale njia inapoanzia, vibao, kununua au kukodi mashine za kazi, kununua ardhi au haki ya kupita kwa mwenye shamba anayekubali. Nasema anayekubali kwa sababu sheria inakataza kutumia fedha hizi kumnyang'anya mtu ardhi kwa nguvu ya serikali. Mwenye shamba akisema hapana, unazunguka au unaacha.

Huku Iowa njia nyingi zinapita juu ya tuta la reli iliyokufa. Sheria ya njia za kitaifa ya 1968 ilirekebishwa mwaka 1983 ili reli isiyotumika iweze kugeuzwa njia ya watu huku tuta likitunzwa, kwa ajili ya siku treni ikihitajika tena. Mfano maarufu ni High Trestle Trail, kaskazini ya Des Moines. Ni kama maili 25, na daraja lake la karibu nusu maili juu ya mto Des Moines lilifunguliwa mwaka 2011. Kama hujalipita usiku taa zikiwaka, nenda siku moja na familia.

MTEGO WENYEWE

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya niandike.

Kwenye karatasi ruzuku inasomeka vizuri sana: serikali kuu asilimia 80, mwombaji asilimia 20. Mradi wa dola 60,000, wewe unatafuta 12,000 tu, wao 48,000. Tena hiyo 12,000 si lazima iwe taslimu. Kazi ya kujitolea inathaminiwa kwa saa, mawe ya kupewa na mwenye machimbo yanahesabiwa, hata ardhi ya kupewa inaweza kuhesabiwa. Tulipoyasoma haya pale kanisani tunapokutania, watu walipiga makofi. Mzee mmoja Mkongo akasema, "Mikono tunayo, hiyo asilimia ishirini tumeshailipa."

Hakuna aliyesoma mstari unaofuata. Hela hairuki kutoka jimboni ikatua kwenye akaunti yako. Ni fedha ya KURUDISHIWA. Unatumia kwanza, unalipa mkandarasi, unapeleka risiti na hundi zilizolipwa, zinakaguliwa, ndipo unarudishiwa ile asilimia 80. Kwa hiyo anayepewa dola 48,000 anatakiwa awe nazo dola 48,000 kabla hajapewa. Si mchezo.

Mji wetu ndio ulioweka jina kwenye maombi, kwa sababu sisi kikundi hatukuwa na ubavu. Barua ya kukubaliwa ikaja, tukapika pilau. Wiki tatu baadaye kwenye kikao cha mji, karani akauliza: hizi za kutanguliza zinatoka fungu gani? Kimya. Mwaka huo mji ulikuwa umeshalipia bomba la maji taka. Mjumbe mmoja akasema wazi kwamba hawezi kukopa benki kwa ajili ya watu kutembeatembea. Kura zikapigwa, mradi ukasogezwa "hadi hapo hali itakaporuhusu". Nilirudi nyumbani na lile faili nikaliweka juu ya kabati.

Wakati huohuo mji wa jirani, wenye maduka makubwa na kodi nyingi, walikuwa wanamaliza kipande chao cha pili. Hawakutuzidi akili hata kidogo. Walikuwa na hela ya kusubiria, basi. Ndiyo maana nasema ruzuku ya aina hii, bila mtu kukusudia ubaya, inaelekea kwa aliye nacho. Aliyeandika kanuni alitaka kuzuia wizi, na kweli amezuia. Lakini mtaa wenye watoto wengi na bustani chache ndio unaobaki mwisho wa foleni.

TULIVYOTOKA

Aliyetuokoa ni mama mmoja mstaafu aliyewahi kufanya kazi ya mahesabu. Alisoma kanuni zote usiku kucha, akaja na mambo mawili.

La kwanza: si lazima usubiri mradi uishe ndipo udai. Unaweza kudai kwa awamu. Basi tukaukata mradi vipande vinne. Mji ukatanguliza cha kipande kimoja tu, yaani kama dola 15,000. Tukakijenga, tukadai, hela ikarudi, ikaenda kipande cha pili. Hela ileile inazunguka kama mchezo wa upatu wa akina mama.

La pili: mwongozo wa serikali kuu unaruhusu jimbo kutanguliza kiasi fulani cha kuanzia kazi, kwa kuangalia mradi mmoja mmoja. Sisi tulichelewa kuuliza. Wewe uliza mapema, na uliza kwa maandishi.

Vipande vitatu vimekamilika. Cha nne, chenye kalavati na daraja dogo la mbao, bado, kwa sababu risiti moja ya kipande cha tatu ilikosa tarehe na malipo yakakaa miezi mitano. Hapo watoto bado wanashuka kwenye baiskeli na kuvuka mtaro kwa miguu.

USIFANYE MAKOSA YETU

1. Usianze kazi kabla ya idhini ya maandishi. Kinachotumika kabla ya hapo kwa kawaida hakirudishwi, na pia lazima uhakiki wa mazingira na wa mambo ya kale uwe umepita.

2. Saa za kujitolea ziandikwe siku hiyohiyo: jina, tarehe, kazi, saa, sahihi. Sisi tulipoteza Jumamosi nzima ya watu 20 na mabeleshi yao kwa sababu hakuna aliyeandika.

3. Kabla ya kuomba, pata azimio la baraza linalosema hela ya kutanguliza itatoka fungu gani. "Tutaona" siyo azimio.

4. Matunzo pia ni yenu. Jimbo litakutaka uahidi kuitunza njia kwa miaka mingi. Nani atakata majani Julai?

MAKAPU MENGINE

RTP si kapu pekee. Lipo fungu kubwa zaidi la usafiri mbadala, linalofaa kwa njia inayompeleka mtu kazini au shuleni. Lipo pia lile la uhifadhi wa ardhi na maji, lililoanza mwaka 1965 na linalotokana na mapato ya mafuta na gesi ya baharini. Sheria ya 2020 ililihakikishia dola milioni 900 kila mwaka, ila ni kwa shughuli nyingi, na kwa miradi ya majimbo na miji mwombaji anachangia nusu.

Na hapa Iowa lipo kapu la ajabu. Novemba 2010 asilimia 63 ya wapiga kura walikubali kuandika kwenye katiba ya jimbo mfuko wa maliasili na burudani, na asilimia 10 yake ikapangiwa njia. Mfuko utajazwa na sehemu tatu kati ya nane za senti, kwa kila dola ya mauzo, SIKU kodi ya mauzo ya jimbo itakapopandishwa. Kodi hiyo ilipandishwa mara ya mwisho mwaka 2008. Miaka 14 baada ya kura, mwaka 2024, mfuko ulikuwa bado mtupu. Sanduku liko kwenye katiba, ufunguo uko kwa wanasiasa, na hakuna mwanasiasa anayetaka kuonekana amepandisha kodi.

Nimalizie kwa la nyumbani kidogo. Tanzania na Kenya nasi tunakatwa tozo ya barabara kwenye kila lita ya mafuta. Mvuvi anayetia petroli kwenye mashine ya boti analipa kama mwenye basi, na boti haikanyagi lami. Sisemi tuige Wamarekani kwa kila kitu. Ila lile swali la watu wa pikipiki za porini mwaka 1991 ni swali zuri popote: hela yangu imeenda njia ipi? Na tukishajibiwa, tuongeze la pili tulilojifunza hapa kwa shida: inarudi kwa nani, na lazima awe na nini mfukoni kwanza?

Aliyewahi kuomba fedha hizi jimbo lingine, hasa aliyefanikiwa kupata za kutangulizwa, tafadhali atupe uzoefu wake hapo chini. Tunahitaji daraja.

Naomba kuwasilisha.