Karani wa Wodini: Maelezo ya Mgonjwa na Lugha za Watu wa Geita

Tunapozungumza juu ya utamaduni wa taifa, aghalabu fikra zetu hukimbilia ngoma, nyimbo, vyombo vya kale na desturi za ndoa. Ni nadra kumkumbuka kijana aliyevaa koti jeupe, aliyesimama kando ya kitanda cha mgonjwa na kalamu mkononi, akiuliza: "Ulianza kuumwa lini?" Hata hivyo, katika swali hilo moja hukutana lugha, adabu, imani na kazi za watu, na kijana huyo akikosea kuuliza, anayelipa si yeye. Makala hii inakusudia kueleza jinsi mafunzo ya udaktari kando ya kitanda yalivyoingia nchini mwetu, na hasa yanavyokutana na watu wa Geita na Usukuma, ambako maneno ya mgonjwa huweza kupita lugha tatu kabla ya kutua katika faili.

Mafunzo yenyewe ni haya. Baada ya miaka ya darasani na maabara, mwanafunzi wa udaktari hupelekwa wodini na kukabidhiwa wagonjwa. Huwahoji, huwapima, huandika yote aliyoyasikia na kuyaona, kisha wakati wa raundi humsomea daktari bingwa mbele ya wenzake. Wanafunzi wenyewe huita kazi hiyo kuklaki, kitenzi walichokiunda kutokana na neno la Kiingereza lenye maana ya karani. Si jina baya, kwani ukarani ndio msingi wa kazi yenyewe. Mjini Leiden, Uholanzi, Boerhaave alifundisha hivyo katika wodi ya vitanda 12 mwanzoni mwa karne ya 18. Mjini Baltimore, Marekani, William Osler aliufanya utaratibu huo kuwa sehemu ya lazima ya masomo katika chuo cha Johns Hopkins, kilichofunguliwa mwaka 1893. Kwa Osler, mwanafunzi hakuwa mtazamaji wodini. Alikuwa na wagonjwa wake na dhamana yake.

Isidhaniwe kwamba kujifunza uganga kwa kumfuata mwalimu kulikuwa kugeni kwa Wasukuma. Bafumu, yaani waganga na waaguzi wao, walirithishana maarifa kwa ukaribu wa namna hiyo hiyo, na Bayeye, chama mashuhuri cha wacheza nyoka, waliwafundisha wanachama wao dawa za sumu ya nyoka hatua kwa hatua. Tofauti kubwa ilikuwa kalamu. Ujuzi wa mfumu ulikaa kichwani mwake na mwa mrithi wake. Ujuzi wa hospitali hukaa katika karatasi, na kosa likishaandikwa husomwa na kila ajaye kama kweli.

Utawala wa Waingereza haukuwa na haraka ya kumpa Mwafrika kalamu hiyo. Kuanzia mwaka 1926, chini ya Mkurugenzi wa Tiba John Shircore, walifundishwa vijana wa kufunga vidonda na kutoa dawa chache katika vituo vya serikali za wenyeji. Aliyetaka kuwa daktari kamili alipaswa kuvuka mpaka hadi Makerere, na wodi za mafunzo yake zilikuwa Mulago, Kampala. Huko mwanafunzi kutoka Tanganyika alimhoji mgonjwa asemaye Kiganda, akaandika kwa Kiingereza. Tulipopata uhuru mwaka 1961, hesabu inayotajwa daima ya madaktari wazalendo ni 12 tu. Shule ya Udaktari ya Dar es Salaam ilianzishwa mwaka 1963, ikawa kitivo cha chuo kikuu mwaka 1968, na mwaka 1976 ikaunganishwa na hospitali ya Muhimbili.

Kwa watu wa Kanda ya Ziwa, hospitali ya Bugando ndiyo iliyoyaleta mafunzo hayo karibu. Ilijengwa na maaskofu wa Kanisa Katoliki juu ya kilima cha Mwanza, ikafunguliwa mwaka 1971, ikachukuliwa na serikali mwaka 1972, na ikarudishwa kwa Kanisa mwaka 1985. Chuo cha kufundishia madaktari hapo kilianza mwaka 2003. Lakini "karibu" ni neno la kupimwa. Geita, iliyokuwa wilaya ya Mwanza hadi ilipofanywa mkoa mwaka 2012, iko ng'ambo ya maji. Kwa miaka mingi mgonjwa aliyepewa rufaa alingoja kivuko cha Busisi, na daraja la kilomita 3 lilifunguliwa Juni 2025. Hivyo mgonjwa aliyefika Bugando alikuwa amekwisha kusimulia ugonjwa wake mara kadhaa, kwa mganga wa kienyeji, zahanati na hospitali ya wilaya. Na masimulizi yaliyorudiwa sana huchakaa.

Sasa na tuangalie masimulizi hayo yanavyoandikwa. Mgonjwa ni mama mzee, Msukuma au Mzinza. Mwanafunzi amekulia pengine Moshi au Tanga. Muuguzi au binti wa mgonjwa anakalimani. Mama anasema kwa lugha ya kwao, binti anafupisha kwa Kiswahili, na mwanafunzi anaandika kwa Kiingereza, kwa kuwa ndiyo lugha ya masomo yake na ya faili. Kwanza huja salamu. Kwa Kisukuma husalimiwa "mwangaluka", na jibu la hali ni "mhola", yaani salama. Mswahili naye, hata akiwa na homa kali, huanza na "sijambo". Hiyo ni adabu tu, wala si taarifa ya afya. Mwanafunzi anayeharakia kuandika kwamba mgonjwa hana malalamiko amesikia salamu akaidhani jibu.

Kisha huja majina ya viungo. Kiswahili husema mkono kuanzia begani hadi vidoleni, na mguu kuanzia pajani hadi unyayoni. Kiingereza hugawa kila kimoja mara mbili. Mtu akisema "ana kifua", huenda anakusudia kikohozi. Akisema chembe cha moyo kinamuuma, anaonyesha mahali chini ya kidari, palipo juu ya tumbo, na moyo wenyewe haumo katika maneno hayo isipokuwa kwa jina. Tiba ya vidonda vya tumbo na tiba ya moyo haziko katika kabati moja. Saa nane ya usiku ya mgonjwa si saa nane ya karatasi, na "juzi" yaweza kuwa siku mbili zilizopita au wiki nzima. Mkulima hukumbuka vizuri zaidi akiulizwa kama maumivu yalianza kabla ya kuvuna pamba au baada yake.

Hakuna mahali pagumu kuliko wodi ya wazazi. Mwanafunzi anatakiwa kuandika idadi ya mimba, ya uzazi na ya watoto walio hai. Akiuliza, "Una watoto wangapi?", mama aliyezika watatu atawataja walio hai, maana hao ndio alio nao, na marehemu hawahesabiwi mbele ya mgeni. Hakusema uongo. Lakini historia ya uzazi uliopita, ambayo ingemwonya daktari juu ya hatari ya safari hii, imekwisha kupotea. Swali la pili lililoulizwa kwa upole, baada ya shikamoo na mama mkwe akiwa ameondoka kitandani, hulipata jibu. Tafsida zetu, kama haja ndogo, siku za mwezi na sehemu za siri, husaidia hapa, na asiyezijua hujikuta akimwaibisha mtu wa umri wa mama yake.

Geita ina swali lake jingine, nalo ni la kazi. Mwaka 1700 tabibu Mwitalia Bernardino Ramazzini aliwataka waganga waongeze swali hilo katika maswali yao ya kawaida. Mgodi mkubwa wa Geita ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 hadi 1966, ukafunguliwa upya mwaka 2000, na pembezoni mwake wako wachimbaji wadogo wengi. Akiandikwa "mkulima" kwa sababu ana shamba, hakuna atakayejua kwamba hushinda kwenye karasha akivuta vumbi la mawe, ambalo huharibu mapafu na kukaribisha kifua kikuu. Mwenye mikono inayotetemeka na kumbukumbu inayopungua huenda akadhaniwa mlevi au amerogwa, kumbe huchoma zebaki ili kupata dhahabu, na mvuke wake umemwingia. Vivyo hivyo anayetapika damu: asiyeuliza kama alikua akivua na kuoga ziwani hatafikiria kichocho cha tumbo, ambacho huharibu ini kwa miaka na kupasua mishipa ya koo la chakula.

Kuna habari mgonjwa asizozitoa kabisa. Alikwenda kwa mfumu, akanywa dawa, akachanjwa. Lakini amewahi kusikia wengine wakikemewa kwa hayo. Kitengo cha utafiti wa dawa za asili kilianzishwa kwenye kitivo cha tiba cha Dar es Salaam mwaka 1974, kwa hiyo elimu ya juu ilikwisha kukiri kwamba dawa hizo zinastahili kujulikana. Ukali wa wodini haukufuata mwendo huo kila mahali. Sisi twaona kwamba kemeo moja hufunga midomo ya wodi nzima, kwani vitanda viko karibu na watu wanasikia.

Kanuni ya kale ya somo hili humtaka mwanafunzi aandike mwanzoni ni nani aliyetoa maelezo: mgonjwa mwenyewe, mama yake au jirani aliyemleta. Kwa Geita na Usukuma tungependa pafuate mstari wa pili: yametolewa kwa lugha gani, na nani aliyekalimani. Muuguzi aliyesimama hapo saa moja akigeuza Kisukuma kuwa Kiswahili kwa kawaida hapati hata herufi za jina lake katika karatasi hiyo, ingawa maneno yaliyomo, kwa sehemu kubwa, ni yake.