Mabadilishano ya Alexander na Smoltz

Mabadilishano ya Alexander na Smoltz yalifanyika Agosti 12, 1987 kati ya klabu mbili za besiboli za Marekani, Detroit Tigers na Atlanta Braves. Detroit, waliokuwa wakiwania ubingwa wa kanda, walimchukua mrushaji mkongwe Doyle Alexander, miaka 36, wakamtoa John Smoltz, chipukizi wa miaka 20 aliyekuwa bado ligi za chini.

Mwanzoni Detroit walionekana wamelamba dume. Alexander alishinda mechi 9 bila kupoteza hata moja, na Tigers wakawapiku Toronto Blue Jays kwa tofauti ya mechi 2 tu. Si haki, basi, kuwaita vipofu: bila mzee huyo, ubingwa ule wasingeuona. Lakini katika mchujo alipoteza mechi zote mbili alizoanza, na baada ya msimu wa 1989 akastaafu.

Smoltz alibaki Atlanta hadi 2008. Alitwaa ubingwa wa 1995, tuzo ya mrushaji bora, Cy Young, ya 1996, na mwaka 2015 akaingizwa katika Ukumbi wa Mashujaa wa Besiboli.

Mwaka 1990 Boston Red Sox walilipa bei kama hiyo: walimtoa chipukizi Jeff Bagwell, 22, kwa mkongwe Larry Andersen, 37.